Sura ya Nne: Nati Iliyobaki Mezani

Kuna kosa ambalo kila aliyewahi kutengeneza paipu ya breki analijua, na kila anayelijua huanza kucheka kabla hujamaliza kulieleza. Paipu mpya hukatwa kwa urefu wake, ncha zikasafishwa kwa tupa, kisha kila ncha hutanuliwa mdomo ili ikae barabara mahali pake isivujishe mafuta. Kazi hiyo inataka utulivu. Mdomo ukipasuka, paipu imekwisha. Ukienda upande, breki itavuja. Fundi hutulia, mdomo wa kwanza ukatoka vizuri, wa pili ukatoka vizuri zaidi, na hapo ndipo anapogeuka na kuziona nati mbili mezani, zimekaa pale pale alipoziweka asubuhi. Nati ya paipu ya breki huvishwa kabla mdomo haujatanuliwa. Ukishatanuliwa, haipiti tena wala hakuna ujanja. Kilichobaki ni kuikata ile ncha nzuri kuliko zote na kuanza upya, huku paipu ikizidi kuwa fupi.

Jamii ya kosa hilo ni kubwa. Wamo waliotengeneza geti la milango miwili wakajikuta wameunda milango miwili ya kushoto. Wamo waliotoboa chuma wakaitoboa na meza iliyo chini yake, waliochomelea kitanda ndani ya chumba chenye mlango mwembamba kuliko kitanda, na waliopima bomba mara tatu wakasoma futi kichwa chini miguu juu mara zote tatu. Tunayacheka makosa haya kwa sababu yanaonekana ya kijinga. Mimi nadai kwamba ni makosa ya mtu anayeijua kazi yake, tena mara nyingi huja kwa sababu anaijua. Na kwamba maadamu tunayahesabu kuwa ujinga, fundi atayaficha, na yakifichwa yatarudi kesho kwa kijana wake.

Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, ni mahali pazuri pa kulipima dai hilo. Ulaya na Marekani, karakana ya nyumbani mara nyingi ni chumba cha mstaafu mwenye mashine ndogo ya kukereza vyuma, anayejifurahisha mwishoni mwa wiki. Akiharibu kitu, ameharibu chake. Kwetu karakana ya nyumbani ni kibanda cha bati ubavuni mwa nyumba, au kivuli cha mwembe, waya wa mashine ya kuchomelea umetokea dirishani, na chuma kilicho mezani ni cha mteja. Ufundi wenyewe una historia ndefu katika bonde la Pangani. Wahunzi wa Upare walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe karne nyingi kabla reli ya kutoka Tanga haijafika Korogwe mwaka 1902. Mkonge nao ulikuwa umeingia mwaka 1893, pale Richard Hindorf alipoletewa vikonyo kutoka Florida, vikafika Tanga 62 tu vikiwa hai. Kutokana na hivyo yakaja mashamba makubwa kama Ngombezi, Magunga na Hale, na kila shamba lililokuwa na mashine ya kuchuna mkonge lilihitaji watu wa kunoa visu, kubadili beringi na kuchomelea kilichovunjika. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge; kufikia mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000. Mazao yalishuka, lakini mikono iliyokuwa imejifunza haikusahau, na sidhani kama ni kubahatisha sana kusema kwamba ujuzi mwingi wa karakana za mashamba ulihamia uani. Handeni ilipata wa kwake kwa njia nyingine: matrekta, mashine za kusaga, na malori ya barabara ya Chalinze hadi Segera yanayokwama Mkata na Kabuku yakiwa na springi zilizokatika.

Kabla ya kuendelea inafaa tuyatenganishe makosa mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Lipo kosa la kutojua. Mfano mkubwa katika nchi hii ni mradi wa karanga wa Kongwa, ambao serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951. Matrekta mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa, na udongo wa Kongwa, ambao kiangazi hukauka ukawa kama tofali, uliyatafuna majembe ya plau kwa kasi ambayo wapangaji hawakuitegemea. Hapo hakuna aliyesahau kitu. Walikuwa hawajui, na kama kuna cha kucheka ni majivuno yao. Kosa la nati ni jingine kabisa. Mwulize fundi yule yule, usingizini, kipi hutangulia kati ya nati na mdomo, atakujibu sawasawa. Alijua jana, anajua sasa akiitazama ile nati, na alijua hata wakati mkono wake unafanya kinyume.

Mwanasaikolojia wa Uingereza James Reason, aliyeandika kitabu cha Human Error mwaka 1990, aliingia katika uchunguzi wa makosa baada ya kutia chakula cha paka ndani ya buli la chai. Alikuwa anatengeneza chai, paka akawa analilia chakula, na mikono ikachanganya kazi mbili ilizozizoea sana. Baadaye aliwaomba watu waliojitolea waandike katika daftari kila walipoteleza namna hiyo, na picha iliyojitokeza ni kwamba utelezi huja katika shughuli tulizozizoea, mahali tulipopazoea, akili ikiwa kwingine. Mgeni wa kazi hatelezi hivyo, kwani hana mazoea ya kumtelezesha. Kijana aliyeanza jana kwenye karakana ya Chanika, mjini Handeni, atavunja biti ya drili kwa kuilazimisha, atachomelea mshono uliojaa mashimo, lakini nati ya breki ataivisha kwa zamu yake kwa sababu ameelekezwa dakika tano zilizopita na bado anajirudia maelekezo moyoni. Atakapoacha kujirudia, yaani atakapokuwa fundi, ndipo nati itakapoanza kubaki mezani.

Reason huyo huyo alitumia mfano ambao nadhani ulistahili kubandikwa ukutani kwenye kila gereji. Chukua bolti moja yenye nati nane, kila moja na alama yake, zikiwa zimepangwa kwa utaratibu maalumu. Kuzifungua kuna njia moja tu: ya juu hutoka kwanza, kisha inayofuata. Chuma chenyewe kinakuongoza. Kuzirudisha kuna njia 40,320, na moja tu ndiyo sahihi. Ukiukokotoa mwenyewe utaona hakuna mzaha: nane mara saba mara sita, hadi moja. Ndiyo maana gia boksi hufunguliwa kwa saa moja ikafungwa kwa siku mbili, na ndiyo maana nati moja ya ziada iliyobaki kwenye kopo baada ya kila kitu kufungwa ni kichekesho cha dunia nzima. Fundi anayebaki na nati hiyo hajapungukiwa akili. Ameingia katika hesabu ambayo kumbukumbu ya binadamu haikuumbiwa.

Vipimo vinaonyesha jambo hili vizuri zaidi, maana uani pa fundi mmoja wa Korogwe utakuta pampu ya Kiingereza, trekta la Kimarekani, pikipiki ya Kihindi na lori la Kijapani, na kila chuma kimekuja na hesabu ya kwao. Hata chombo cha kupimia tunakiita futi wakati tunakisoma kwa sentimita. Tazama spana. Inchi robo tatu ni milimita 19.05, kwa hiyo spana ya 19 huikaa nati hiyo kama iliyozaliwa nayo. Fundi akishaona hivyo mara mia, mkono unajifunza kwamba milimita na inchi ni ndugu. Kisha inakuja nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, na spana ya 13 inaingia, inacheza kidogo, inaelekea kushika. Kucheza huko kwa milimita 0.3 kunatosha, nati ikiwa na kutu, kuzila kona zake zote sita hadi ikawa duara. Aliyefanya hivyo alifuata somo alilofundishwa na nati za jana.

Hesi zina hila kubwa zaidi. Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza hesi za kipimo kimoja mwaka 1841, na Marekani ikafuata utaratibu wake yenyewe kuanzia pendekezo la William Sellers la mwaka 1864. Kwa bolti za robo inchi, hesi za kawaida za pande zote mbili zina meno 20 kwa inchi. Kwa inchi tatu kwa nane, zote zina 16. Pembe za meno zinatofautiana, nyuzi 55 kwa Whitworth na 60 kwa Wamarekani, lakini nati ya huku huingia kwenye bolti ya kule na kazi huenda. Ukifika nusu inchi mambo yanageuka: Whitworth ina meno 12, ya Kimarekani 13. Nati huingia mizunguko michache kwa upole kabisa, kisha hukwama, na fundi ambaye uzoefu wote wa bolti ndogo umemwambia kwamba hizi zinaingiliana huongeza bomba kwenye mkono wa spana ili apate nguvu. Hesi zinakufa, au bolti inakatika. Asiyejua chochote angesimama pale ilipokwama.

Na bomba la maji? Bomba la chuma la nusu inchi halina popote penye nusu inchi. Kwa nje lina milimita 21.3, kwa ndani kama 16, na jina limebaki kuwa jina. Mtu makini anayepima bomba la nyumbani kwake kwa rula akaenda dukani kuagiza kwa alichokipima atarudi na kitu kisichoingia, na muuza duka atakuwa na cha kusimulia jioni. Afarijike kwamba amepotea pamoja na wakubwa. Meli ya kivita Vasa ilizama Stockholm mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, baada ya mwendo wa mita kama 1,300, na ilipoibuliwa mwaka 1961 na kuchunguzwa, zilipatikana ndani yake rula nne za maseremala: mbili za futi ya Kiswidi yenye inchi 12, mbili za futi ya Amsterdam yenye inchi 11. Rula hazikuizamisha meli, uzito wa juu ndio ulioizamisha. Lakini mbao za ubavu mmoja zilikuwa nene kuliko za mwingine, na mtu anaweza kuwaona maseremala hodari, kila mmoja akipima kwa usahihi, wakijenga meli moja kwa futi mbili.

Baya kuliko yote ni kosa linalojificha. Sehemu kubwa ya maji ya Handeni yametegemea kwa miaka mingi kusukumwa kwa pampu kutoka mto Pangani upande wa Korogwe, na vijijini mota za umeme wa fezi tatu ziko kwenye mashine za kusaga na visima. Mota hiyo ukibadilishana nyaya mbili kati ya tatu, huzunguka kinyumenyume. Mtu angetarajia pampu inayozunguka kinyume iyanyonye maji badala ya kuyatoa. Haifanyi hivyo. Pampu ya aina ya pangaboi la kuzungusha huendelea kutoa maji upande ule ule, ila kwa unyonge. Basi fundi anafungua valvu, anazibua chujio, anachimbua bomba akitafuta panapovuja, na yote hayo ni mambo ya busara kwa mtu aliyewahi kuona machujio yaliyoziba. Anayegundua mara nyingi ni mtu wa pembeni anayeuliza swali la kitoto: hii inatakiwa izunguke upande gani?

Hapa aibu inaingia kazini, na ndipo ninapotaka tukae kidogo. Fundi aliyechimbua mita thelathini za bomba kwa sababu ya nyaya mbili hatalisema jambo hilo. Atasema bomba lilikuwa na uchafu. Kijana wake, aliyeshuhudia, atajifunza mambo mawili: namna ya kubadilisha nyaya, ambalo ni zuri, na namna ya kutunga maelezo, ambalo litamgharimu maisha yake yote. Wahenga walikwisha kusema kwamba mficha uchi hazai, na karakana inayoficha haizai ujuzi. Ukitaka kumbukumbu za kweli za makosa ya karakana, mwache mwenyewe, itazame meza yake. Matundu ya drili yaliyopitiliza, mifuo ya msumeno, alama za moto wa kuchomelea palipokuwa na chuma kisha pakawa hapana, vyote vimeandikwa humo bila haya.

Mjapani Shigeo Shingo aliligusa jambo hili katika kiwanda, akaligusa kwa njia mbili. Mwaka 1961 aliletewa tatizo la wafanyakazi waliokuwa wakiunganisha swichi ndogo yenye springi mbili, ambao mara moja moja walisahau springi moja. Msimamizi alikuwa akiwakemea wawe makini, wanakuwa makini kwa siku chache, kisha kosa linarudi. Shingo alishauri kwamba kabla ya kila swichi, mfanyakazi achukue springi mbili kutoka kwenye sanduku aziweke kwenye kisahani. Swichi ikimalizika na springi ingali kisahanini, kosa limejionyesha lenyewe kabla swichi haijaondoka mezani. Mbinu za namna hiyo ziliitwa baka-yoke, yaani kinga ya mpumbavu. Mwaka 1963, katika kiwanda kingine, mfanyakazi mmoja wa kike alilia aliposikia jina hilo, akiuliza kama yeye kweli ni mpumbavu kiasi hicho. Shingo akabadilisha neno. Likawa poka-yoke, kinga ya utelezi. Wanaoona kwamba jina ni jambo dogo wanasahau kwamba mtu aliyeitwa mpumbavu anakikataa kisahani hata kama kingemsaidia.

Watu wenye busara watanipinga. Wa kwanza watasema chanzo cha yote ni haraka, na dawa imo katika methali: haraka haraka haina baraka. Sikatai kwamba haraka huzidisha. Lakini yule fundi wa breki hakuwa na haraka, alikuwa ametulia kuliko siku zote, na utulivu wake wote ulikuwa umekwenda kwenye mdomo wa paipu. Ndivyo ulivyoisahau nati. Kumwambia aongeze umakini ni kumwambia mwenye ndoo moja achote maji ya visima viwili.

Wengine watasema kwamba kuyachekea makosa ni hatari, maana karakana ina mawe ya grenda yanayopasuka na mitungi ya gesi. Hao wana haki ya kuogopa, ila nadhani wanalitazama jambo kwa upande usio wake. Ufunguo wa chaki, yaani kishikio cha chuma kwenye mashine ya kukereza, ukisahauliwa humo ni usahaulifu ule ule wa nati ya breki. Tofauti ni kwamba chaki inazunguka na ufunguo unaruka. Basi kichekesho ni taarifa ya mapema ya msiba. Wanaojua hilo hawaishii kuonya. Kuna funguo za chaki zenye springi, ukiziachia mkono zinajisukuma zenyewe nje. Nati ya mtungi wa asetilini ina hesi ya kushoto, na ya oksijeni ya kulia, ili mpira wa mmoja usiweze kufungwa kwenye mwingine hata kwa anayewaza kodi ya nyumba. Kona za nati ile ya asetilini zimekatwa mfuo, uutambue kwa kidole tu.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniumiza kichwa. Katika mji mdogo kama Handeni fundi hana tangazo ila midomo ya watu, na mteja anayesikia kwamba fundi amecheka kosa lake mwenyewe atapeleka chuma chake kwa jirani. Mstaafu wa Ulaya anaweza kuwachekesha rafiki zake kwa sababu hali kwa sifa hiyo. Ni kweli, na simtaki fundi yeyote ajianike barabarani. Lakini siri yenyewe haimlindi kama anavyodhani. Lile neno maarufu la mafundi, "njoo kesho," ambalo wateja wamelizoea kama uongo wa kuzaliwa, naamini mara nyingi maana yake ni kwamba kuna nati imebaki mezani na paipu inakatwa upya. Mteja hajui hivyo. Anachojua ni kwamba fundi ni mwongo, na hiyo ni sifa mbaya kuliko ya kusahau nati. Kinachotakiwa ni kidogo: kosa lisemwe ndani ya kibanda, kati ya fundi na kijana wake, siku hiyo hiyo, na pawekwe kitu kitakachokumbuka badala yao. Kisahani cha Shingo hakihitaji kuagizwa. Kifuniko cha kopo la rangi kinatosha: nati mbili zinawekwa humo kabla paipu haijakatwa, na kifuniko kinawekwa juu ya kile kifaa cha kutanulia mdomo, mahali ambapo mkono hauwezi kukishika kifaa bila kwanza kukiondoa.